Jina Langu Silirudishi

Mvuje unanuka. Wako wanaousemea vizuri, wakadai una harufu kali, harufu ya dawa, lakini mimi nasema unanuka, na sina ubaya nao. Leo asubuhi mama mkwe wangu, Bi Zuwena, aliingia chumbani na kipande chake kakifunga kwenye kitambaa cheusi, akamvisha binti yangu mkononi kumkinga na vijicho. Kabla hata hajakaa kitako akaniuliza kama lile jina nimeshaliacha.

"Jina gani, mama?"

"Hilo la kiume. Keshokutwa siku ya saba, watu wanakuja. N'tawambia nini mie? Nna mjukuu wa kike, anaitwa Riziki? Si watataka kumfungua nepi wahakikishe?"

Yeye jina la kumpa mtoto analo tayari. Kalipata kwenye tamthilia ya Kituruki, na ni jina zuri tu, linateleza mdomoni, sina neno nalo. Nikamwambia tutazungumza. Hatutazungumza. Alipotoka, ile harufu ilibaki kitandani, na mimi nikajikuta niko katika chumba cha mama yangu, Mkunazini, juu ya zile ngazi za mbao zilizokuwa zikilalamika kila mtu akipanda. Nilikuwa msichana mdogo mwenye sare ya shule iliyomzidi mwili, na jina langu Kheri.

Ndiyo, Kheri. Si Mwanakheri, si Bi Kheri. Kheri kavu. Nyinyi mliokua wakati wetu mnakumbuka majina ya wasichana yalivyokuwa: ukiita Fatma, nusu ya darasa inageuka, ukiita Asha, inageuka nusu ya pili. Ukiita Kheri nageuka mimi, na wavulana wawili watatu wa madarasa ya juu. Siku ya kwanza shule mwalimu aliniita, nikaitika "Naam," naye akaendelea kutazama upande wa wavulana. Akaita tena. Nikaitika tena, nikasimama.

"Nimemwita Kheri," akasema.

"Ndiye mimi."

Darasa likacheka. Mvulana mmoja akaniita Kheri dume, na wakati wa mapumziko nikamwendea nikamwambia kama yeye ndiye dume basi asilie, nikamfinya. Alilia.

Jina lilikuwa la babu, mzazi wa baba, fundi wa chokaa aliyetoka Uroa akiwa kijana akazipaka nyumba za Mji Mkongwe mpaka vidole vyake vikapasuka visipone tena. Mimi sikumkuta. Alikufa katika nyumba yetu mama akiwa na mimba yangu, na mama ndiye aliyekuwa naye chumbani. Baba alikuwa katoka kufuata dawa. Shangazi Riziki, dada yake baba, alikuwa bado yuko njiani anatoka Uroa. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji, na babu, ambaye hakuwa amesema neno tangu alfajiri, akalitazama tumbo lake akasema, "Atokuja, mume mke, mpeni jina langu." Uji akaukataa. Shangazi alipofika alikuta mzee keshafumbwa macho.

Awe mwanamme awe mwanamke: hayo ndiyo mama aliyoyasikia, na ndiyo aliyoyasema siku ile ile mbele ya jamaa wote. Nilipozaliwa msichana akayasema tena, na baba akanipa jina. Lakini Shangazi Riziki hakuyakubali hata siku moja. Kwa maneno yake, babu alikusudia mwanamme, kwa sababu jina la mwanamme hufuata nyuma ya majina ya wanawe na wajukuu zake, na la mwanamke hubaki na mwenyewe mpaka akazikwa nalo. Alilisema hilo nikiwa natambaa, akalisema nilipoota meno, akalisema nilipoanza chuo cha Kurani. Kila alipolisema alikuwa anamwita mama yangu mwongo, ingawa neno lenyewe hakulitamka. Mama alikuwa akiinama akaendelea na kazi yake.

Kwetu, mtoto akipewa jina la mzee, watoto wa mzee yule hawamwiti ovyo ovyo. Wanaona haya kulipigia kelele jina la mzazi wao. Kwa hiyo humwita baba, au humwita mama, hata kama huyo mama bado anakojoa kitandani. Binamu yangu aliyepewa jina la bibi yetu, baba yangu, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa akimwambia, "Mama, niletee maji ya kunywa," na watu hawakuona ajabu. Mimi nilikuwa taabu. Nasikia baba alijaribu kuniita baba nilipokuwa mchanga, watu wakacheka, naye akaacha. Shangazi hakuniita chochote. Nilikuwa "wee mtoto", na akizungumza na wengine nilikuwa "huyu".

Kisha akazaliwa mdogo wangu, mvulana.

Shangazi alifika kesho yake. Alikuwa mkulima wa mwani, nyayo zake zimechanika kwa maji ya chumvi, na alipanda zile ngazi huku kashika kikapu cha pweza mkavu na mkungu mzima wa ndizi, wala hakutaka kusaidiwa mpaka mlangoni.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, nikakipokea kikapu.

"Marahaba."

Akanipita. Akaenda moja kwa moja kitandani, akamchukua mtoto, akamsogeza dirishani penye mwanga, akamtazama sana. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti laini kabisa:

"Karibu, baba."

Mama alikuwa kajilaza na kikombe chake cha uji wa pilipili manga. Akakiweka chini. "Wifi," akasema taratibu, "baba tunae. Huyo hapo kashika kikapu."

"Huyo alikuwa kashikishwa tu," Shangazi akajibu bila kugeuka. "Jina limempata mwenyewe."

"Na yeye aitweje?"

"Mwanakheri. Kwani ina nini? Jina la kike, la heshima, na babu yake yumo humo humo."

Alilisema hivyo kama mtu anayegawa halua. Mimi nikakitua kikapu sakafuni, nikahisi mikono imekuwa mitupu sana. Kulikuwa na akina Mwanakheri wazuri mtaani kwetu, na mmoja alikuwa akinipa ubuyu. Sikuwa na ugomvi na jina hilo. Lakini halikuwa langu. Kumwambia mtu mwenye nyumba kwamba atajengewa banda zuri uani si kumpa kitu.

Baba aliporudi kutoka kazini bandarini, akaelezwa. Akavua viatu, akaviweka sawasawa, akasema, "Tutaona." Baba yangu alikuwa mtu wa tutaona. Nampenda, Mungu amrehemu, lakini tutaona zake zimenigharimu. Nikajua kwamba kama hakuna mtu atakayefanya kitu, siku ya saba watu watakula pilau, watasoma dua, na mimi nitaamka siku ya nane sina jina.

Mvulana huchinjiwa mbuzi wawili, msichana mmoja. Mimi nilichinjiwa mmoja na sikuwahi kulalamika. Wangemchinjia mwenzangu hata ng'ombe, ningekula nikanyamaza. Jina ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi, kwa sababu ya jambo moja nililojifunza chuoni. Mwalimu alitufundisha kwamba Siku ya Kiama kila mtu ataitwa kwa jina lake na la baba yake. Nikalifikiria jambo hilo kwa akili zangu zote za wakati ule. Ataitwa Kheri, na mimi nitaitika naam kama ninavyoitika siku zote, kisha nitaambiwa si wewe, ni yule mvulana, na nitabaki nimesimama pale peke yangu juani watu wote wameshakwenda zao.

Na jina hutolewaje? Hilo nilidhani nimelishuhudia kwa macho yangu. Mtoto alipozaliwa, baba aliinama akamwadhinia katika sikio la kulia. Nilimuuliza mama anamwambia nini, akanijibu kwamba lazima la kwanza kuingia liwe neno zuri. Basi mimi nikafahamu kwamba sikio ni mlango, na kwamba jina nalo hupitia humo humo siku ya saba, likaingia likakaa, na kwa kuwa sikio la mtoto lilikuwa dogo kuliko kifungo cha kanzu, ndani hapakuwa na nafasi ya majina mawili. Kutoka hapo mengine yakafuata. Nikaanza kulala na pamba masikioni, asije mtu akaninong'oneza Mwanakheri nikiwa nimelala. Mama aliniita asubuhi mara chungu nzima sisikii, akadhani nina maradhi, akanitilia mafuta ya nazi ya moto. Niliyavumilia mafuta. Usiku nikarudisha pamba.

Siku moja kabla ya siku ya saba, nyumba ilijaa wanawake. Juu jikoni walikuwa wanachagua mchele na kukuna nazi, wanacheka, wanasutana. Mama alikuwa bafuni anakandwa kwa maji ya moto. Aliniacha kitandani na mdogo wangu, akaniambia, "Muangalie mwenzio," na mimi nikamuangalia. Alikuwa na wanja mpaka kwenye paji la uso, na ule mvuje mkononi unanuka chumba kizima. Alikuwa macho. Hakuwa adui yangu hata kidogo, na hilo nilitaka alijue. Nilikuwa nimeshamtafutia jina. Nikasogea, nikasema bismillahi, nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia, nikamwambia, "Wewe ni Riziki." Nikamgeuza kidogo, nikamwambia na katika la kushoto, kwa usalama. "Riziki. Riziki. Riziki."

"Unafanya nini?"

Shangazi alikuwa mlangoni na sinia la mchele.

"Namwita jina."

"Jina gani?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini nilikuwa nimeshamaliza kazi yangu, jina limeshaingia, hapana wa kulitoa, na nilijiona nina nguvu kuliko watu wote nyumbani mle.

"Riziki."

"Riziki mie hapa."

"Na muuza mkaa wa chini naye si Riziki? Mbona ana masharubu?"

"Kakutuma nani? Mamako?"

"Sijatumwa. Si wewe unataka apewe jina la mkubwa? La babu ninalo mimi. Lako halina mtu."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Shangazi Riziki aliolewa, akaachwa, akaolewa tena, na hakuzaa. Watoto wa ndugu zake tulikuwa wengi, na tulikuwa na majina ya mabibi, ya mababu, ya wajomba waliokufa baharini, hata ya jirani mmoja aliyewahi kumponya mtu. Lake hakulichukua mtu. Mimi nililiona jina lile limekaa bure tu, safi kabisa, linafaa kwa yeyote. Sikufahamu kwa nini Shangazi aliliweka sinia chini, akakaa kwenye kitanda cha mzazi na kanga yake yenye vumbi la mchele, jambo ambalo yeye mwenyewe angemgombeza mtu kwalo.

Mama akaingia, kajifunga kanga kifuani, mvuke bado unamtoka mabegani. Akamtazama wifi yake, akanitazama mimi.

"Kuna nini?"

Shangazi alikuwa anamtazama mtoto. Baadaye akauliza, kwa ukali wake ule ule lakini chini chini, "Siku ile baba alikula?"

Mama alielewa siku gani. "Aliukataa uji."

"Uji wa nini?"

"Wa mtama."

"Wa mtama alikuwa haupendi."

"Ndivyo alivyonambia. Kausukuma mkono wangu, uji ukamwagika shukani."

"Na akasema mume mke."

"Akasema mume mke." Kisha mama yangu, ambaye siku zote aliinama, hakuinama. Alisimama pale maji yanamchuruzika miguuni akasema, "Ningetaka kutunga uongo, wifi, ningetunga jina zuri. Ningemwita mwanangu Zuhura nikakaa raha mustarehe. Nimempa jina la kuchekwa skuli kwa sababu niliambiwa nimpe. Mumenifanya mwongo ndani ya nyumba yangu miaka yote, na mie nkanyamaza. Leo sinyamazi."

Juu jikoni kicheko kilikatika. Walikuwa wamesikia wote. Shangazi akaiondoa punje ya mchele iliyoganda kwenye kidole chake, akaitazama. Nilijua kwamba sasa nitapigwa. Nilikaza mwili mzima tayari kwa kipigo na nilikuwa nimeamua kwamba hata nikipigwa silirudishi jina.

Akasimama, akachukua sinia, akaenda mlangoni.

"Baba," akasema, "njoo unisaidie kubeba nazi."

Nikatazama kwenye ngazi. Nilidhani baba karudi mapema. Hapakuwa na mtu. Shangazi alikuwa kasimama kanipa mgongo, anangoja.

"Unaitwa wewe," mama akaniambia. "Muitikie shangazi yako."

"Naam," nikasema.

Nikabeba nazi mpaka jikoni, nyingi kuliko nilizoweza, na sikuangusha hata moja.

Siku ya saba mtoto alinyolewa, dua ikasomwa, na baba, ambaye kwa mara ya kwanza hakusema tutaona, akawatangazia watu kwamba mwanawe anaitwa Riziki. Kuna mzee aliyeuliza kama hilo si jina la dada mtu. Shangazi alimjibu kutoka chumba cha wanawake, kwa sauti iliyopita pazia, "Ndiyo. Ni somo yangu huyo. Unalo jingine?" Tangu siku hiyo kila alipokuja mjini Shangazi alimletea somo yake, mwenye jina lake, kitu, na mimi aliniita baba. Aliniita baba mbele ya wenzangu wa shule. Aliniita baba sokoni Darajani, na wauza samaki wakageuka kutafuta mzee. Siku ya harusi yangu, nimekaa kama pambo na hina zangu na maua ya asumini kichwani, akanisogelea akaniambia, "Baba, kaza uso, usilie, wanja utaharibika."

Watu husema jina la pande zote mbili humchanganya mtoto. Mimi halijanichanganya. Limewachanganya wao, na hiyo ni kazi yao. Nimeandikiwa Bwana Kheri kwenye barua za ofisi, nikaenda na buibui langu nikazichukua. Nimekataliwa kitanda cha wanawake hospitali na nimewekewa nafasi ya kulala na mafundi wa kiume kwenye semina, na mara zote mbili aliyeona haya hakuwa mimi. Riziki mdogo wangu naye sasa ana ndevu, ni mpishi wa hoteli huko Matemwe, na kuna wakati vijana wenzake walimwita bibie. Leo nilimpigia simu kumweleza habari ya mama mkwe.

"Mpe," akasema. "Mie nshachoka kuwa Riziki peke yangu. Na huyo mkweo mwambie aje aniambie mie kwamba mimi ni mwanamke, au wewe ni mwanamme. Achague."

Alisema peke yangu kwa sababu Shangazi amekufa. Alifia Uroa, nikiwa na mimba ya binti yangu huyu, na mimi, kama yeye zamani, nilikuwa bado niko njiani. Nilifika wameshamkosha. Sikupata neno lake la mwisho, na hapakuwa na mkwe aliyekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji aje anieleze. Kwa hiyo sina wasia wa kumwonesha Bi Zuwena. Sikuagizwa na mtu. Hili nalitaka mwenyewe, kwa moyo wangu, na sidhani kwamba mwanamke anahitaji maiti wa kumtolea ushahidi ndipo aruhusiwe kumpa mwanawe jina.

Binti yangu ameamka sasa hivi. Ananuka mvuje mpaka kwenye vidole vya miguu. Nimemchukua nikampeleka dirishani penye mwanga, nikamtazama sana, naye akanitazama kwa uso ule wa watoto wachanga, uso wa kukasirika bila sababu, ambao mimi nauona si mgeni kwangu.

"Shikamoo, shangazi," nikamwambia.

Bi Zuwena alikuwa anapita ukumbini. Nikasikia ndara zake zimesimama.

"Unasema na nani humo?"

"Na shangazi yangu Riziki," nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mpaka chini barazani. "Ameshafika."